Maswali na Majibu: Spectrum, Sinclair na Mashine Iliyoundwa na Bei

Tangu nilipoigusia ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyotolewa na kampuni ya Sinclair ya Uingereza mwaka 1982, katika safu iliyopita, maswali yamemiminika. Mengine mazuri, mengine yameandikwa na watu ambao hawakufika hata aya ya pili. Nimechagua haya. Wale wanaotaka kujua simu zao ni sawa na Spectrum ngapi wapige hesabu wenyewe. Kikokotoo kimo humo humo kwenye simu.

Kompyuta ya kwanza kabisa ya nyumbani ni ipi? Nataka jibu moja tu. (Msomaji, Dodoma)

Jibu moja hakuna, na swali hili linarudi kila nikigusa mada hii. Mwaka 1975 Marekani walipata Altair 8800, ambayo wengi waliinunua ikiwa vipande, haina skrini wala kibodi, unaongea nayo kwa kupandisha na kushusha swichi. Mwaka 1977 zikaja tatu zilizokamilika: Commodore PET kwa dola 795, TRS-80 kwa dola 599.95, Apple II kwa dola 1,298. Chagua unayoipenda, kisha ugombane na atakayechagua nyingine.

Mimi hujiuliza swali jingine: ni lini mwalimu au karani wa kawaida aliweza kununua kompyuta bila kukopa? Kwa Uingereza jibu ni mwanzoni mwa 1980, ilipotoka ZX80 ya kampuni ya Sinclair: pauni 79.95 ukiunganisha mwenyewe, pauni 99.95 ikiwa tayari. Kuvuka chini ya pauni mia ndiyo habari yenyewe. Mengine ni ubishi wa kijiweni.

Ni kweli Clive Sinclair aliivumbua Spectrum peke yake? Mwanangu amefundishwa hivyo shuleni. (Mzazi, Nairobi)

Si kweli, na huyo aliyemfundisha aulizwe alikolitoa. Sinclair, aliyepewa cheo cha Sir mwaka 1983 na kufariki Septemba 2021, alikuwa mwenye kampuni, mwamuzi wa bei na mkaidi wa kupigiwa mfano. Hiyo nayo ni kazi, siidharau. Lakini kalamu na chuma cha kulehemu vilikuwa mikononi mwa wengine.

ZX80 ni kazi ya Jim Westwood. Lugha yake ya kuandikia programu, BASIC, iliandikwa na John Grant wa Nine Tiles, kampuni ndogo ya Cambridge. Steve Vickers, wa Nine Tiles hiyo hiyo, akaiendeleza kwa ajili ya mashine iliyofuata, ZX81, na baadaye Spectrum. Saketi za Spectrum alizisanifu Richard Altwasser. Umbo lake, lile boksi jeusi lenye vitufe 40 vya mpira na mistari ya rangi kwenye kona, ni la Rick Dickinson. Waliozikusanya walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha Timex mjini Dundee, Scotland, wengi wao wanawake, katika kampuni iliyozoeleka kwa saa za mkononi.

Hapo Dundee kuna jambo ambalo vijana wetu hawalijui. Katika kiwanda hicho alianzia kazi fundi mwanagenzi David Jones. Alipopunguzwa kazini alianzisha kampuni ya michezo ya kompyuta, DMA Design, iliyotoa Lemmings na kisha, mwaka 1997, Grand Theft Auto ya kwanza. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1993 baada ya mgogoro mkali wa wafanyakazi. Kwa hiyo wewe unayeiba magari ya kwenye skrini hadi saa nane za usiku, mzizi wa mchezo wako unafika kwenye meza za Timex.

Lakini wanaosema Sinclair hakufanya lolote nao wakae chini. Altwasser na Vickers waliondoka mwaka ule ule wa 1982, wakatengeneza mashine yao, Jupiter Ace, kwa pauni 89.95. Badala ya BASIC waliiwekea lugha ya Forth, yenye kasi kubwa zaidi. Mafundi waliipenda. Haikuwa na rangi, mnunuzi wa kawaida hakuielewa, na ikafa mapema. Vichwa vilikuwa vile vile. Aliyekosekana ni yule mkaidi aliyejua mtu wa mtaani atatoa pesa kwa ajili ya nini.

Waliwezaje kuiuza kwa bei ndogo hivyo wakati wengine walikuwa wanauza kwa mamia? (Msomaji, Arusha)

Hatimaye swali. Jibu ni kwamba walianzia kwenye bei, wakarudi nyuma hadi kwenye mashine. Mtu hujikuna ajipatapo, na Sinclair alijikuna hapo hapo pauni 100 zilipoishia.

Anza na ZX80. Skrini? Tumia televisheni ya sebuleni. Diski? Tumia redio kaseti. Kibodi? Karatasi ya plastiki iliyochorwa herufi, unaibonyeza kwa kidole mpaka kidole kiume. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 1. Hata sehemu ya kutengeneza picha waliiondoa: prosesa, ile chipu inayopiga hesabu, ndiyo yenyewe iliyochora skrini, kwa hiyo kila ilipopiga hesabu picha ilipotea, na ulipobonyeza kitufe skrini ilipepesa. Mtu akileta wazo hilo leo atafukuzwa kikaoni. Lakini liliokoa pesa.

ZX81 ilifuata Machi 1981. Chipu 21 za ZX80 zikapungua hadi 4, kwa sababu shughuli nyingi ndogo ndogo zilisukumwa ndani ya chipu moja maalumu iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti. Bei ikashuka badala ya kupanda: pauni 69.95 ikiwa tayari, 49.95 ukiunganisha mwenyewe. Safari hii iliweza kuonyesha picha huku inafanya kazi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu, tena si kwa posta tu bali hata katika maduka ya WH Smith, kando ya magazeti na kalamu.

Kilobaiti 1 haikutosha kitu, kwa hiyo watu walinunua kijiboksi cha kumbukumbu cha kilobaiti 16 na kukichomeka nyuma. Kilikuwa kinacheza. Ukiigusa meza kidogo, kazi ya jioni nzima imekwenda. Watu walikibana kwa ulimbo wa kubandikia picha ukutani. Na hata bila kijiboksi hicho, David Horne aliandika mchezo wa sataranji kwa ZX81 uliotoshea ndani ya baiti 672. Wewe unayelalamika kwamba programu yako haiendi kwa sababu kumbukumbu ni gigabaiti 8 tu, soma tena namba hiyo.

Spectrum yenyewe ilitangazwa tarehe 23 Aprili 1982: pauni 125 kwa kilobaiti 16, pauni 175 kwa kilobaiti 48. BBC Micro ya kampuni ya Acorn, mpinzani wake, ilifika pauni 399 kwa toleo la B. Na hapa ndipo penye ujanja ninaoupenda kuliko wote. Zile kilobaiti 32 za ziada zilitoka kwenye chipu zenye kasoro. Kiwandani, chipu ya kumbukumbu ya kilobiti 64 (biti nane ndizo baiti moja) inaweza kutoka ikiwa nusu nzima na nusu mbovu, na ya namna hiyo ilikuwa ya bei ya chini. Sinclair alizinunua, akapanga nane nane, na kwenye bodi kukawekwa kiunganishi cha kuchagua nusu ipi itumike. Mamilioni ya watoto walijifunza kompyuta juu ya kumbukumbu iliyokufa nusu, na ilifanya kazi.

Si kila ujanja ulikuwa mzuri. Mashine za mwanzo kabisa zilikuwa na kosa katika ile chipu maalumu, na badala ya kungoja chipu mpya walibandika chipu nyingine ndogo juu yake, kichwa chini miguu juu. Mafundi waliibatiza mende mfu. Tangazo liliahidi kukupelekea mzigo ndani ya siku 28, na wapo waliokaa miezi. Kampuni ilikuwa inapokea pesa za watu kabla haijawa na mashine za kuwapa. Tabia hiyo haikufa, inaendelea hadi leo kwa jina la kuagiza mapema. Usilipie kifaa ambacho hakijatengenezwa. Sijaulizwa, lakini nimesema.

Kwa nini rangi za Spectrum zinaambukizana? Mchezaji akipita mbele ya mti anageuka kijani. (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu ya hesabu, na hesabu ni pesa. Skrini ina nukta 256 kwa 192, jumla 49,152. Ukitaka kila nukta iwe na rangi yake kati ya 16, unahitaji baiti 24,576, yaani zaidi ya kumbukumbu yote ya Spectrum ndogo. Altwasser akaigawa skrini katika vyumba vya nukta 8 kwa 8, kila chumba rangi mbili tu: ya maandishi na ya nyuma yake. Picha nzima ikatoshea katika baiti 6,912. Mchezaji wako akiingia chumba cha mti lazima wagawane rangi mbili zilizomo, basi.

Waandishi wa michezo walijifunza kupita pembeni. Wengine walifanya mchezo mzima kuwa wa rangi mbili. Matthew Smith, katika Manic Miner ya 1983, aliupanga kila ukumbi wa mchezo kwa kuzingatia vyumba hivyo hivyo.

Spectrum na Commodore 64, ipi bora? (Wasomaji wengi mno)

Commodore 64 ilikuwa na sauti nzuri zaidi na picha nyororo zaidi, na ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa dola 595. Sasa rudi ukasome jibu la Arusha kuhusu bei.

Ni kweli Warusi waliiiba? (Msomaji, Bujumbura)

Waliiiga bila kibali, ndiyo, na hawakuwa peke yao. Nchini Brazili kampuni ya Microdigital ilitoa TK90X, na Romania nako kulitengenezwa za kwao. Prosesa ya Z80 na chipu za kumbukumbu zilipatikana au zilikuwa na nakala zake. Kilichokosekana ni ile chipu maalumu ya Ferranti. Wahandisi wa Kisovieti wakakaa, wakachunguza inafanya nini, wakaijenga upya kwa rundo la chipu za kawaida. Zikazaliwa Leningrad, Pentagon na nyinginezo. Uingereza ilipoacha kuitengeneza Spectrum mwaka 1992, Urusi ilikuwa bado imechangamka nayo. Mashine iliyosanifiwa kwa kubana senti ni rahisi kuiga hata kwa asiye na senti.

Kwa nini kompyuta hizi hazikufika kwetu? Ni ile marufuku ya Tanzania tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Marufuku ilikuwepo. Serikali ya Tanzania ilizuia kuingiza kompyuta na vifaa vyake mwaka 1974, na zuio hilo lilikuja kulegezwa taratibu baadaye sana. Watu hucheka wakisikia, lakini halikutoka hewani. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, mfumo wa hesabu za serikali ukavurugika, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwenye nyumba akishaungua na jiko moja haharakishi kununua la pili.

Hata hivyo marufuku haielezi yote, nami nimechoka kuisikia ikibebeshwa kila lawama. Spectrum inahitaji televisheni. Bara, vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Mashine ilikuwa imeshazikwa Uingereza miaka miwili kabla yetu kupata mahali pa kuichomeka! Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo huko kikwazo hicho hakikuwepo. Kenya hakukuwa na marufuku ya namna hiyo, televisheni ilikuwepo tangu 1962, umeme wa volti 240 na plagi za pini tatu kama za Waingereza. Je, Spectrum zilijaa Nairobi? Hazikujaa. Za hapa na pale zilikuja ndani ya masanduku ya waliotoka masomoni.

Kilichozuia ni bei ile ile ninayoiimba tangu juu. Pauni 125 zilikuwa kidogo kwa karani wa Leeds. Kwa karani wa Morogoro au wa Kisumu hazikuwa kidogo, na hata angekuwa na thamani yake kwa shilingi, angezipata wapi pauni zenyewe? Tangazo linaposema bei nafuu, uliza nafuu kwa nani. Hilo liulizeni pia kwa wanaowauzieni vishikwambi vya shule.

Kampuni iliyouza mamilioni ilifilisikaje? (Msomaji, Muscat)

Haikufilisika rasmi, iliuza roho yake kabla ya kufika huko. Januari 1984 Sinclair alitangaza QL, kompyuta ya kazi kwa pauni 399, kabla haijakamilika. Matoleo ya kwanza yalikuwa na kipande cha ziada kimening'inia nyuma kwa sababu programu yake haikutoshea ndani. Januari 1985 akatoa C5, kigari cha umeme cha magurudumu matatu, nacho pauni 399, akakizindua katikati ya baridi ya Uingereza, mtu amekaa wazi chini ya kimo cha lori. Kikachekwa hadi kikafa.

Wakati huo huo soko la Krismasi ya 1984 lilikuwa limejaa kupita kiasi, mashine zikabaki kwenye maghala. Hasira zilikuwa juu kiasi kwamba mwezi ule wa Desemba Sinclair alimvamia Chris Curry wa Acorn, aliyewahi kuwa mfanyakazi wake, ndani ya baa ya Baron of Beef mjini Cambridge, kwa sababu ya tangazo la gazeti lililodai kompyuta za Sinclair huharibika sana. Watu wazima, wenye viwanda! Katikati ya 1985 tajiri Robert Maxwell alitangaza kuiokoa kampuni kwa pauni milioni 12, kisha akajitoa. Tarehe 7 Aprili 1986 kompyuta zote na jina lake zikanunuliwa na Alan Sugar wa Amstrad kwa pauni milioni 5.

Sugar hakuwa na mapenzi na mashine, alikuwa na mapenzi na faida, na ikaisaidia. Aliweka kibodi ya kweli, akaingiza kinasa kaseti ndani ya boksi, akaendelea kuiuza hadi 1992. Kwa jumla Spectrum zimeuzwa zaidi ya milioni tano.

Na Acorn? Nayo iliyumba, ikachukuliwa na Olivetti mwaka 1985. Lakini mwaka ule ule, wahandisi wake Sophie Wilson na Steve Furber walikuwa wamekamilisha prosesa yao wenyewe, ARM. Simu unayosomea maneno haya karibu hakika ina mjukuu wake ndani. Acorn waliposhindwa kuuza bei ya chini, walibakiwa na kitu cha kuuza baadaye. Sinclair alikuwa amebakiwa na bei.

Nimepata Spectrum ya marehemu ami yangu aliyekuwa akiishi Leicester. Haina adapta. Nina ya spika, volti 9, naweza kuitumia? (Msomaji, Mombasa)

USIICHOMEKE. Pole kwa msiba, lakini usiichomeke. Adapta ya Spectrum ni volti 9, ampea 1.4, na ncha ya ndani ni HASI, ganda la nje ni chanya. Adapta nyingi za leo ni kinyume chake. Plagi itaingia vizuri kabisa, na kwa kufumba na kufumbua utakuwa umeua chipu zilizodumu miaka arobaini. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya Spectrum, na ipime kwa mita kwanza.

Ukiipata, usikimbilie kuiwasha hata hivyo. Mpe fundi wa redio mwenye subira abadilishe kapasita, maana zimekauka. Kilobaiti 16 za kwanza zinatumia chipu zinazotaka volti tatu tofauti, na mfumo wa umeme ukiyumba ndizo za kwanza kufa. Utepe wa plastiki ulio chini ya kibodi unakuwa mkavu na kukatika, usiuvute wala kuukunja. Mpya zinatengenezwa bado. Televisheni yako ya kisasa huenda isiipate chaneli 36 ya UHF inayorushwa na mashine hiyo, basi fundi achukue picha moja kwa moja kabla haijafika kwenye kile kiboksi cha bati kinachoirusha kwa chaneli hiyo. Ni kazi ndogo.

Nina Spectrum, nitaiuza shilingi ngapi? (Msomaji, Kampala)

Ziliuzwa zaidi ya milioni tano. Punguza matumaini.

Nimenunua ile ya kisasa inayofanana na ya zamani ili mtoto ajifunze programu. Nimefanya vizuri? (Mzazi, Kigali)

Inategemea utaizimaje michezo. Ya zamani ilipowashwa ilikungoja uandike; michezo ilikuja baada ya dakika tano za kelele za kaseti. Ya sasa inawaka kwenye orodha ya michezo, na mtoto wako si mjinga, atacheza. Mpeleke kwenye BASIC wewe mwenyewe, kaa naye muandike programu fupi ya kutaja jina lake mara mia. Usimwachie kifaa ukategemea kifundishe.

Naandika L, O, A, D lakini yanatokea maneno mengine kabisa. Imeharibika? (Yule yule wa Mombasa)

Kumbe umeshaiwasha. Haijaharibika. Kila kitufe cha herufi kina neno zima la BASIC, ili kuokoa kumbukumbu na vidole vyako. Bonyeza J mara moja, LOAD itatokea nzima. Kisha shikilia SYMBOL SHIFT ubonyeze P mara mbili upate alama za kunukuu, halafu ENTER. Waya utoke kwenye tundu la spika ya redio kaseti hadi tundu la EAR la mashine. Anza sauti nusu, panda kidogo kidogo. Mistari myekundu na ya samawati ukingoni mwa skrini maana yake imesikia. Ikigeuka buluu na njano inasoma. Isipofika hapo, safisha kichwa cha kaseti kwa spiriti ujaribu tena. Na hiyo adapta, niandikie uliipata wapi.